Bikoni za Mwezini

Mzee Gidamis alifika kwenye lango la shamba la ngano saa mbili na robo asubuhi, siku ya mnada, wakati mwanawe Nicodemo akipuliza moto wa chai kwenye kibanda cha ulinzi. Mzee alikuwa amekufa miaka hamsini na minne iliyopita. Alisimama upande wa nje wa kamba ya lango, akapiga miguu chini mara mbili kukung'uta vumbi la kijivu linalonuka baruti, akasubiri asalimiwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chai ina maziwa?"

"Ya ng'ombe mmoja tu. Wale wengine wamekauka."

"Weka hayo hayo."

Mzee alikufa na miaka hamsini, na Nicodemo sasa alikuwa na sitini na miwili, amevaa koti la kampuni lililoandikwa ULINZI mgongoni. Mtoto alikuwa amempita baba umri. Hata hivyo shikamoo ni shikamoo, haihesabu mvi.

Wafu wa uwanda wa Hirbadaw walikuja mara moja kwa mwezi, siku ile mwezi usipoonekana angani. Watu wa mjini husema siku hiyo mwezi uko upande wa jua. Watu wa huku wanajua umetua nyuma ya mlima Hanang, upande wenye msitu, kushusha watu wa mnadani. Walinunua magadi na ugoro, wakauliza bei ya mitamba, wakarudi mlimani kabla giza halijaingia. Wauza magadi waliwatambua kwa miguu yao na hawakuwapunja wala kuwapunguzia. Benedikta, mke wa Nicodemo, alifagia vumbi lililobaki kibandani akalitia kwenye kopo. Masizi ya sufuria yaliyoshinda mchanga na majivu, vumbi lile liliyatoa kwa kusugua mara mbili.

Mzee hakuanzia huko mwezini. Alipokufa mwaka wa sabini na moja alijengewa bung'eda, tuta la kaburi ambalo Wabarbaig hawamjengei kila mtu. Hujengewa mzee ambaye akisema watu walikuwa wakinyamaza. Lilijengwa miezi tisa, kwa miti na udongo na samadi, pombe ya asali ikinyweka, mpaka likampita mtu mrefu. Ng'ombe waliochinjwa msibani waliondoka naye, na bado anawachunga. Siku ya mwisho mtoto wake wa mwisho wa kiume alipandishwa juu kuweka majani mabichi kileleni. Huyo alikuwa Nicodemo, wakati huo hajabatizwa na hana jina hilo, ana miaka minane. Kupanda alipanda vizuri. Kushuka akaogopa, wajomba wakamcheka mpaka akalia.

Tangu siku hiyo, aliyepita pale alichuma majani mabichi popote alipoyaona, akayalaza kwenye tuta na kumsalimu mwenyewe kwa jina. Bung'eda linalosalimiwa lina mwenyewe. Lisiposalimiwa ni udongo tu.

Miaka kumi baadaye walikuja watu wenye darubini ya miguu mitatu. Walipigilia bikoni, alama za mipaka za zege, uwandani, wakaandika kwenye karatasi zao kwamba eneo ni tupu. Ng'ombe walikuwepo, wachungaji walikuwepo, kaburi lililozidi mlango kwa urefu lilikuwepo, na mmoja wao hata alikaa kwenye kivuli chake akala biskuti. Akaandika tupu. Kisha trekta zikaja kulima ngano. Bung'eda la mzee Gidamis lilichukua siku tatu kusawazishwa. Dereva aliomba radhi kila asubuhi, kisha akawasha.

Mzee akabaki hana pa kukaa. Uwanda wote ulikuwa umepimwa, na mlimani palikuwa hifadhi ya msitu, hata wafu walihitaji kibali. Wakapanda juu zaidi, yeye na wazee wengine ambao makaburi yao yalilimwa au yalizingirwa na ngano. Mwezini kulikuwa kumehamwa karibuni.

Habari za waliohama Nicodemo alizijua kupitia kwa Yoakimu. Yoakimu alikuwa msimamizi wa shamba, mtu wa Tumati kule nyanda za juu, mtoto wa wakulima, mkarimu, mwepesi wa kucheka, na mambo ya anga yalikuwa ugonjwa wake. Akija na pikipiki kukagua lango hakosi kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusimulia. Mpira wa chuma uliozunguka dunia ukilia kama kifaranga. Yule mbwa aliyepandishwa juu na waliompandisha wakijua harudi. Mtu wa kwanza kuizunguka dunia; watu wawili wa kwanza kukanyaga mwezi, mwaka wa sitini na tisa, dunia nzima imeinamia redio, baba yake Yoakimu akiwa mmoja wao, amekaa juu ya gunia la maharage ya ngwara kule Tumati. Watu kumi na wawili kwa jumla. Mwaka wa sabini na mbili wa mwisho akapanda ngazi akafunga mlango, na tangu hapo hakuna mtu aliyekanyaga.

"Walio hai, unamaanisha," Nicodemo alisema.

"Walio hai, ndiyo," Yoakimu alikubali.

Mzee Gidamis alikuwa na upande wake wa habari hiyo hiyo. Walipofika, alisema, walikuta nyayo zimejaa, kama za watu waliopoteza ndama. Walikuta magari matatu yasiyo na mwenyewe. Walikuta mipira midogo ya kuchezea. Na mifuko iliyofungwa vizuri. Mzee mmoja akafungua mmoja akidhani ni posho.

"Mavi," mzee alisema. "Waliacha mavi yao, wakachukua mawe. Mimi nimehama mara nyingi, sijawahi kuona watu wanahama hivyo."

Yoakimu hakuchukia. Aliuliza kwa heshima, kama mtu anayeulizia kwao, "Na bendera, mzee? Bado zipo?"

"Zipo. Jua limezipausha zote. Sasa hata mwenyewe akirudi hatajua ipi ni yake."

Miaka arobaini waliishi hivyo, si vizuri, si vibaya. Huko hakuna upepo, kwa hiyo samadi hainuki, na mtu akizeeka na ng'ombe kitu hicho humkosesha usingizi. Lakini upande wa kusini yapo mashimo ambayo jua halijawahi kuyaona, na ndani yake maji yamelala yameganda. Ng'ombe waliyalamba kama wanavyolamba chumvi. Wazee waligawana zamu za kunywesha, na kwa kuwa wote walijua maana ya kunyang'anywa, hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Sasa mzee alimaliza chai, akageuza kikombe juu ya jiwe, akasema kilichomleta.

"Wanarudi. Kwanza zilipita zile zinazozunguka juu zikipiga picha. Halafu mwaka juzi ikatua ya Wahindi, huku kwetu kusini, karibu na maji. Imetulia, haina ubaya. Lakini mtu hatui karibu na maji ya mwenzake bila sababu."

"Yoakimu anasema wanataka kujenga, baba. Kukaa kabisa."

"Najua. Na kuna kitu hatukukijua. Vile vioo." Mzee aliinua mkono kuonyesha ukubwa, kama wa meza ya shule. "Vilikuwepo tulipofika, vimewekwa chini vinatazama huku. Miaka yote tunachunga pembeni yake. Juzi nimekaa, nikaona mwanga mwembamba unatoka huku chini, unagonga kioo, unarudi. Tena unagonga, unarudi. Nicodemo, wewe umekaa kwenye shamba hili miaka mingapi? Hicho ni nini?"

Nicodemo alikijua kabla baba hajamaliza. Kitu kinachowekwa ardhini kisitikisike, mtu mwenye chombo akakilenga kwa mbali apate urefu.

"Bikoni," alisema.

"Bikoni. Walipima kabla hatujafika. Miaka arobaini tumekaa kwenye ardhi ya watu tukidhani tumehamia."

Yoakimu, aliyekuwa amefika na kusikia mwisho wa maneno, aliona vibaya, kwa sababu mwezi aliupenda na mzee pia. Alisema upo mkataba, tangu mwaka wa sitini na saba. Hakuna nchi inayoweza kuumiliki mwezi. Ni wa binadamu wote.

"Na hapa waliniambia ardhi ni ya umma," mzee alisema. "Siku hiyo ndiyo nilijua imekwisha."

Kikao cha wazee kilikuwa kimeamua wahame kabla ya kuhamishwa. Mwenye bung'eda linalosalimiwa duniani arudi nyumbani kwake. Asiyenalo afuate ng'ombe, huko mbele watakakoelekea. Majani yalazwe na mtoto aliyepanda kileleni siku ile, na yakae pale pale mpaka mwezi utue tena.

"Wewe ndiye uliyepanda," mzee alisema. "Mimi nimechoka, mwanangu. Nataka kurudi nyumbani."

Hakuwahi kusema hivyo, hata alipokuwa hai. Nicodemo alitazama moto ili asimtazame baba yake machoni. Alikuwa amelinda shamba hilo miaka kumi na saba, kwa koti na rungu, akizuia ng'ombe wa ndugu zake wasikanyage mahali alipozikwa aliyemzaa. Kuna wanaosema kazi ni kazi. Kazi ile ilikuwa imemla kwa ndani, naye alijua.

Ilikuwa mwezi wa tano na mvua zilikatika mapema. Malisho yaliyobaki uwandani yalikuwa ukanda mmoja kando ya barabara, na ng'ombe wote waliobanwa pale walikuwa wameshakula mpaka mizizi. Jumapili iliyofuata Nicodemo alipanda baiskeli hadi kwenye chemchemi za chini ya mlima, akakata majani mabichi, akayafunga nyuma kwa mpira. Njiani alikutana na kundi la ng'ombe wenye njaa. Kabla hajashuka walikuwa wameshamaliza, na mmoja alikuwa anatafuna mpira. Hakuwapiga. Angewaambia nini?

Ila siku ilikuwa ya mapumziko, wenzake hawakuwepo, na nafasi kama hiyo asingeipata tena kabla ya mwezi kutua. Aliingia kipande namba saba cha shamba mikono mitupu. Mahali pa bung'eda hapakuhitaji kutafutwa. Kila mwaka ngano hapo huota duara moja lililokolea, refu kupita nyingine, kwa samadi ya miezi tisa na mafuta ya ng'ombe wa msiba. Wataalamu wa mbegu walikuja kupima udongo wake mara mbili wakaondoka wamefurahi.

Alisimama katikati. Pande zote mpaka macho yanapokoma palikuwa na jani bichi la aina moja tu, na jani hilo lilikuwa ngano. Babu zake waliosema majani mabichi hawakusema yameota vipi. Alichuma konzi moja, akailaza chini, akamsalimu baba yake kwa jina, kwa sauti, kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo. Moyo ulimtulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kujiona ameshuka kwenye lile tuta salama.

Hakuna aliyemwona. Lakini kampuni ilikuwa imejiunga na huduma ya picha za setilaiti, jicho linalopita juu ya mashamba kila siku na kuhesabu ukijani. Saa kumi na nusu simu ya Yoakimu iliita. Ujumbe ulisema: kipande namba saba, pungufu konzi moja.

Yoakimu alikuja na pikipiki, akazima injini mbali, akatembea. Aliyakuta majani yamelazwa na mlinzi wake amechuchumaa kando.

"Nicodemo, kweli?"

"Ni salamu, bosi. Ya mzee. Unamjua."

"Namjua. Nimekunywa naye chai." Yoakimu alifuta jasho. "Lakini ripoti imeshakwenda makao makuu pamoja na picha. Ingekuwa mimi nimeona kwa macho yangu, ningesema sijaona. Imeona ile ya juu. Ile haiombeki."

"Basi nipeleke. Ila majani yaache hapo hapo, mpaka mwezi utue."

"Huo ni ushahidi," Yoakimu alisema kwa huzuni, akayaokota moja moja, akayatia kwenye bahasha ya kaki.

Kesi ilisikilizwa mahakama ya mwanzo siku ya mnada uliofuata. Nicodemo aliomba iwe siku hiyo kwa sababu shahidi wake hakuweza kufika siku nyingine, na hakimu, mama mmoja mpole aliyeitwa Konsolata, hakuona tatizo. Mzee Gidamis aliingia saa tatu akaketi benchi la mbele. Karani Alfredi alimwandika.

"Umezaliwa lini, mzee?"

"Mwaka wa nzige."

"Makazi?"

"Mwezini."

Alfredi aliandika Mwezini. Kwenye nafasi ya kata na wilaya aliweka kistari. "Uko hai au marehemu?"

"Marehemu."

"Basi hutaapa kwa kitabu. Sema tu utasema kweli."

Yoakimu alitoa ushahidi akitazama viatu vyake. Bahasha ilifunguliwa, ngano ikatolewa imenyauka, ikaitwa kielelezo namba moja. Hakimu akamuuliza mzee kama anakitambua.

"Natambua. Ni salamu yangu."

"Mahakama inaona ngano, mzee."

"Ni majani. Hata ukiyapanda kwa mstari ni majani."

Watu walicheka kidogo, hakimu akawaacha wacheke, kisha akauliza kama mzee ana hati yoyote ya eneo hilo. Mzee akasema alikuwa na bung'eda. Hakimu akauliza zaidi ya hilo. Mzee akasema amezikwa pale, na ng'ombe wake, mbele ya watu, na aliyepanda kileleni ni huyu hapa kizimbani.

Hakimu Konsolata aliandika kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Nyumbani kwake alikuwa na kaburi la mama yake, analipalilia mwenyewe kila Krismasi.

"Mzee, pole sana," alisema. "Kuzikwa si kumiliki."

Mshtakiwa alikutwa na hatia ya wizi wa konzi moja ya ngano. Kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, na kwa umri wake, hakufungwa. Alipewa miezi mitatu ya kazi za jamii: kung'oa majani kwenye mtaro wa mpaka wa shamba hilo hilo, upande wa nje, ng'ombe wasikofika. Akiingia ndani, gerezani. Kazi ya ulinzi ilikuwa imeshakwisha siku ya bahasha. Koti alilirudisha limefuliwa.

Mzee aliinua mkono. Aliomba kitu kimoja, kielelezo namba moja kirudishwe kilipookotwa, hata kwa nusu siku, maana mwezi umetua leo na jioni unaondoka. Hakimu alimtazama Alfredi. Alfredi akasema vielelezo hukaa stoo mpaka muda wa rufaa upite, kisha huteketezwa.

"Basi," mzee alisema. Akainuka kutoka, na mlangoni akampisha mama mwenye mtoto mgongoni.

Mwezi uliofuata hakuja kunywa chai. Nicodemo alikuwa mpakani, ameinama, na kando yake lundo la majani aliyong'oa tangu Jumatatu, ambalo ofisa angekuja kulipima kwa macho. Alisikia kengele za ng'ombe barabarani. Walikuwa wengi, weusi, wenye vumbi la kijivu mpaka magotini, na nyuma yao wazee kumi na mmoja wenye shuka mabegani na vibuyu. Mmoja tu alibaki nyuma, amerudi nyumbani kwake, yule ambaye bung'eda lake lilikuwa kwenye kilima cha mawe kilichoshinda trekta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Tumepita kuaga."

Ng'ombe waliliona lundo. Walikuwa hawajaonja jani bichi kwa miaka arobaini na minne, na walikula taratibu sana, wamefumba macho. Nicodemo aliwaacha. Siku tano za adhabu yake ziliishia matumboni mwao, na hakuna siku tano alizowahi kuzitumia vizuri zaidi.

"Tumesikia kuna pengine," mzee alisema. "Pekundu. Mbali kidogo."

"Ni mbali sana, baba."

"Ng'ombe watatembea. Huyo rafiki yako anasemaje, kuna maji?"

"Anasema yalikuwepo. Yapo bado, yameganda."

"Na watu?"

Nicodemo alinyoosha mgongo. Yoakimu alikuwa amemsimulia yote, kibandani, siku za chai. Mashine za magurudumu zinatembea kule miaka mingi sasa, zinatoboa mawe, zinapiga picha kila shimo. Moja ilikwenda na helikopta ndogo, ikaruka. Kila kilima kina jina na kila jina lina namba. Baba yake alikuwa anamtazama, mwanamume wa miaka hamsini aliyechoka, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe wake, anangoja jibu la mtoto wake wa mwisho.

"Hakuna mtu, baba," Nicodemo alisema. "Wameandika ni patupu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akapiga mluzi, ng'ombe wakainua vichwa. Nicodemo alisubiri mpaka kengele zisisikike, kisha akainama akaanza lundo upya.